UZI: Vifaa vya resi vilivyofichwa kwenye magari ya kuuza, na ile sheria iliyolazimisha viwanda kuviuza

Gia ya Tano (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Kule kwenye uzi wa Subaru watu wameanza kurushiana maneno, mmoja anasema lile tundu la hewa juu ya paa la Type RA ni urembo, mwingine anasema la rally, nikaona badala ya kuchafua uzi wa watu ngoja nifungue huu. Mana majibu ya maswali mengi ya namna hiyo hayapo kwenye gari, yapo kwenye kitabu cha sheria za mashindano.

Iko hivi. Kuna mbio ambazo gari linatakiwa liwe limetokana na gari la kuuza, yaani lile ambalo wewe ukiwa na hela yako unaenda dukani unalinunua. Sasa wenye mbio wanakutana na swali moja gumu, watajuaje kwamba hiki kichwa cha injini au hii turbo ni ya gari la kuuza kweli na sio kitu kimoja kilichochongwa usiku kwa ajili ya timu ya kiwanda? Wakaona njia rahisi ni kuhesabu. Tengeneza idadi tuliyokwambia, leta karatasi na picha na vipimo vya kila kitu, tuje tukague, tukigonga muhuri ndo kifaa chako kinaruhusiwa. Hiyo ndo homologesheni. Kisichokuwepo kwenye ile karatasi hakipo duniani, hata kama kimefungwa kwenye gari na kila mtu anakiona.

FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ilipopanga makundi mapya 1982, Group A ilitaka magari 5,000 ndani ya miezi 12 mfululizo (miaka ya 90 wakashusha hadi 2,500), Group B ilitaka 200 tu ndo mana yale magari yalikuwa vichaa. Alafu Group A wakaacha mlango wa pembeni, ukishafikisha 5,000 zako unaruhusiwa kuleta toleo lililoboreshwa na hilo unatengeneza 500 tu. Mlango huo ndo umetuletea magari yote ambayo leo watu wanayauza kwenye minada kwa hela ya kununulia ghorofa.

Nianze na ninaloliona kali kuliko yote, Ford Sierra RS500. Sierra RS Cosworth ya kwanza ilitoka 1986, wakazitengeneza zaidi ya 5,000, injini ya lita 2 yenye turbo, farasi 204. Mwaka uliofuata Ford wakachukua 500 wakazipeleka kwa Aston Martin Tickford zikafumuliwa. Zilivyorudi zikawa na farasi 224. Mtu anasoma hapo anacheka, yaani mmefumua gari zima kwa ajili ya farasi 20?

Fungua boneti sasa. Injini ina silinda 4 ila injekta zipo 8. Kuna reli mbili za mafuta, ya kwanza inafanya kazi kama kawaida na ya pili ina injekta zake nne zimekaa tu pale kwenye manifoldi, gari la barabarani haliziwashi kabisa. Turbo ni kubwa kuliko mahitaji ya injini hiyo, ukikanyaga mafuta mjini unasubiri weee ndo inaamka. Intakula, yaani kipoozeo cha hewa ya turbo, kubwa. Bloku yenyewe imesukwa upya kuta zake nene. Kwahiyo mteja wa Uingereza kalipia injekta nne zilizolala, turbo inayomchelewesha, na bloku yenye nguvu ambayo hatoitumia maisha yake yote. Na Ford wala hawakuwa na shida naye, walichotaka ni zile injekta ziwepo kwenye gari 500 zilizouzwa, ili kwenye gari la resi waziunganishie waya, maana sheria iliuliza kama ipo kwenye gari, haikuuliza kama inafanya kazi. Kwenye resi ile ile injini ikatoa farasi 500 na kupanda.

BMW nao M3 ile ya kwanza, E30, watu wanaona ni 3 Series iliyotanuliwa madigadi. Kakae nyuma yake uangalie kioo, kimelazwa zaidi kuliko 3 Series ya kawaida na buti limeinuliwa, ili upepo ufike vizuri kwenye wing. Walibadilisha mpaka mlalo wa kioo kwa sababu kwenye resi hutoruhusiwa kubadilisha bodi, kwahiyo bodi sahihi lazima utoke nayo kiwandani. Ya mwisho, Sport Evolution ya 1990, walitoa 600, injini ikapanda hadi lita 2.5, na pale kwenye bampa taa za ukungu zikaondolewa pakawa matundu ya kupeleka hewa kwenye breki. Mercedes 190E Evolution II wakatengeneza 502. Sheria inataka 500, wao wametoa 502, ujue hapo hakuna aliyekuwa anafikiria soko.

Karibuni, wenye ya kuongeza waongeze.

Mzee wa Grande

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Ila mkuu swali la mshamba, kwanini wasingeruhusu tu watu wabadilishe wanachotaka yaishe? Kwanini uzungushe kiwanda kitengeneze gari 500 zenye injekta za maonyesho?

Gia ya Tano

Mzee wangu, ukiruhusu kila mtu abadilishe anachotaka anayeshinda ni mwenye hela nyingi, na yule kijana mwenye timu ya gereji anabaki kuangalia. Kwa kulazimisha kifaa kiuzwe, angalau kinadharia hata wewe unaweza kukinunua. Na pia viwanda vilikuwa vinataka mtu aone gari kwenye resi Jumapili aende kulinunua Jumatatu, sasa kama linalokimbia halifanani na la dukani biashara haipo.

Kama lilifanikiwa hilo ni jambo lingine.

Dada wa Turbo

Mimi nakubali historia ila hiyo hoja ya "hata wewe unaweza kukinunua" naipinga. Gari 500 dunia nzima, zinaisha kabla hata hujasikia. Sheria ya kuhesabu haijawahi kumlinda mtu mdogo, imemlinda mwenye kiwanda kikubwa, mana nani anaweza kusimamisha laini ya uzalishaji atengeneze bodi mpya kwa ajili ya mbio? Kampuni ndogo yenye injinia wazuri inafia mlangoni.

Na mfano mzuri ni Nissan. Skyline GT-R R32 watu wanadhani lita 2.6 imetokea tu. Kaeni na kalkuleta. Group A walikuwa wanazidisha ujazo wa injini yenye turbo kwa 1.7 ndo wanajua uko daraja gani, na daraja ndo linaamua uzito wa chini wa gari na upana wa tairi. Injini yake, RB26, ina cc 2,568, zidisha kwa 1.7 unapata kama 4,366, inakaa vizuri kabisa chini ya mstari wa 4,500. Injini imechorwa kufuata mstari wa sheria. Alafu wakatoa R32 za Nismo (kitengo cha mashindano cha Nissan), gari 560, hizo turbo zake zina mapanga ya chuma badala ya yale ya seramiki ya gari la kawaida mana seramiki ukiipandisha presha ya resi inapasuka, wakatoa ABS, wakatoa hadi waipa ya nyuma. Mtu wa kawaida anapata gari lenye vitu pungufu! Kule kwao Japani kwenye mbio za Group A kuanzia 1990 hadi 1993 R32 ikashinda mbio 29 kati ya 29. Ikaenda Australia ikachukua mbio kubwa za Bathurst 1991 na 1992. Watazamaji wakachoka, na Group A yenyewe ikafa.

Kwahiyo sheria iliyotakiwa ilete usawa ikazaa gari moja lililowamaliza wote. Nijibu hapo mleta uzi.

Gia ya Tano

Hapo kwenye usawa nakupa dada yangu, sibishi. Ila usisahau upande wa pili, bila ile sheria R32 unayoijua isingekuwepo. Hakuna mhasibu duniani angepitisha 4WD yenye kompyuta, turbo mbili na lita 2.6 isiyolingana na daraja lolote la kodi ya Japani, pale kodi ya gari inakata kwenye lita 2.5. Mwenye gari la kawaida ananufaika kwa bahati tu, ila ananufaika.

Fundi Keko

Mi sio msomaji wa sheria ila nachoweza kusema ni kile ninachokutana nacho gereji.

Mitsubishi Lancer Evo RS. Mtu ananunua RS akidhani ndo ya juu kwasababu jina kali, inafika anakuta hakuna AC, vioo vya kuzungusha kwa mkono, rimu za chuma, viti vya kawaida. Anakuja kwangu amenuna anasema kapigwa. Namwambia mzee hujapigwa, hili gari lilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye akilipokea siku hiyo hiyo anang'oa viti na kuweka roli keji, kwanini wamfungie AC ya kuja kuitupa? Uzito umepungua na difu ya nyuma ni ya kimekaniki. Nenda kwenye rally yoyote ya huku Afrika Mashariki miaka ile, Evo zilizokuwa zinapiga kwenye Group N nyingi zilianzia kwenye RS.

Group N kwa wasiojua ndo ilikuwa kali zaidi kwenye kubana, yaani gari karibu kama lilivyotoka dukani, unaweka usalama wako, shokapu, vitu vichache, basi. Kwahiyo kama kiwanda hakijakupa giaboksi nzuri ndani ya gari la kuuza imekula kwako. Ndo mana Subaru wakatoa Type RA ina gia zilizokaribiana na ile difu ya kati ya kurekebisha kwa kidude pale karibu na hendibreki. Na lile tundu la juu ya paa mlilopigania kule, rally ya vumbi unafunga vioo vyote, AC huna, jua la saa saba, unadhani dereva na msomaji wake wa njia wanapumua nini? Linafunguka kwa ndani hewa inaingia. Kama lako halifunguki ni kutu au limezibwa na fundi wa rangi, lete.

Kingine. Celica GT-Four ile ya mwisho, ST205. Ilinijia moja imetoka Japani, mwenyewe analalamika kuna bomba limetoka upande wa intakula limeenda kwenye manifoldi ya eksosi na "halifanyi kitu", fundi mwingine kamwambia limefungwa na mwizi wa vifaa akaondoka na kilichokuwa katikati. Hamna kitu kama hicho. Toyota walitengeneza 2,500 za namna hiyo kwa ajili ya karatasi ya rally, wakaweka mabomba ya antilagi, ile mifumo inayopeleka hewa kwenye eksosi turbo isilale dereva akiachia mafuta, ile inayopiga risasi pwa pwa pwa. Kwenye gari la kuuza ipo ila imezimwa kutoka kiwandani. Na kuna tenki la maji la kunyunyizia kipoozeo, na spoila imeinuliwa kwa vibao. Nilimwambia asiguse bomba lolote, hilo ndo linampa thamani. Miezi michache mbele nasikia kaling'oa kapeleka kwa mtu wa vyuma chakavu akaweka kifuniko cha alumini. Sina la kusema.

Mzee wa Grande

Pwa pwa pwa 😂😂 fundi umenimaliza. Na huyo wa vyuma chakavu Mungu amsaidie.

Nakuru Vumbi

Salamu kutoka Kenya. Huku sisi hii story ya karatasi tumeiona kwa macho kwa sababu ya Safari Rally. Kumbukeni Toyota walishinda Safari 1984, 1985 na 1986 na Celica Twincam Turbo ya Group B, gari ya kusukuma kwa nyuma tu wakati Audi na Peugeot wako na 4WD. Baada ya vifo vya 1986, Ureno watazamaji na Corsica akafa dereva Toivonen na msomaji wake Cresto, Group B ikafungwa na 1987 kila mtu akarudi kwa Group A. Hapo ndipo Lancia Delta Integrale na Celica GT-Four zikaanza kupokezana hapa kwetu, washindi wakawa Biasion 1988 na 1989, Waldegård 1990, Kankkunen na Lancia 1991, Sainz 1992, Kankkunen tena na Toyota 1993, na 1994 Ian Duncan wetu mwenyewe. Mwaka huo huo Patrick Njiru akamaliza namba nne na Impreza ya Group N! Gari karibu na ya duka, kwa zile barabara, mbele ya magari ya viwanda.

Lakini ile ilinifurahisha zaidi ni ya 1999. Ford walikuja na Focus WRC (WRC ni ubingwa wa dunia wa rally) mpya kabisa, mechi ya kwanza Monte Carlo mwezi wa kwanza, dereva wao McRae na mwenzake Jean-Joseph wote wakaondolewa kwenye matokeo. Sababu? Pampu ya maji. Haikuwa imekaa kulingana na sheria. Hebu fikiria, gari ya mamilioni, turbo sawa, giaboksi sawa, breki sawa, unatolewa kwa pampu ya maji. Mwezi uliofuata wakaja Safari, McRae akashinda, ndio ushindi wa kwanza wa Focus ulimwenguni, na uko hapa nyumbani.

Dada wa Turbo

Asante Nakuru, na hiyo Focus inaonyesha jambo lingine, kufikia hapo sheria ilikuwa imeshabadilika. WRC kuanzia 1997 hukuhitaji tena kuuza gari la 4WD lenye turbo, ulitakiwa uwe na modeli ya familia inayouzwa kwa wingi, 25,000, alafu mengine unaongeza kama seti ya vifaa. Ulishawahi kuona Focus ya 1999 ya dukani yenye 4WD na turbo? Haipo. Corolla WRC vilevile. Mitsubishi peke yao ndo waliendelea kung'ang'ania Group A hadi 2001, na dereva wao Mäkinen akachukua ubingwa 1996, 97, 98, 99 akiwa na gari ambalo unaweza kulipata yadi. Kwa mimi hiyo ndo rekodi ya kuheshimiwa.

Mbeba Boksi (Marekani)

Wadau msisahau huku ndo ujanja ulipoiva mapema. Niko huku miaka sasa na kwenye maonyesho ya magari ya zamani wazee wanakupa stori mpaka unakosa basi.

Kwenye NASCAR, mbio kubwa za huku za magari ya mfano wa yale ya kuuza, 1964 Chrysler walileta injini ya Hemi 426, Richard Petty akashinda Daytona 500, Plymouth zikashika moja, mbili na tatu. Wenye NASCAR wakasema hiyo injini iko kwenye gari gani la kuuza? Haipo. Wakaipiga stop 1965, Chrysler wakasusa sehemu kubwa ya msimu, Petty akaenda kukimbiza gari za drag. 1966 Chrysler wakajibu kwa kuiweka Hemi kwenye magari ya kuuza, ndo ile Street Hemi farasi 425 ambayo leo mtu anauza nyumba ainunue. Iliuzwa ili irudi kwenye resi, hakuna sababu nyingine.

Ford nao 1969 wakafanya kituko. Walitaka injini ya Boss 429 ikubaliwe, sheria inadai ziwepo 500 kwenye magari ya kuuza, ila haikusema gari gani. Wakazichomeka kwenye Mustang, injini kubwa mpaka ikabidi sehemu ya mbele ya gari ifanyiwe upasuaji iingie. Alafu kwenye NASCAR hawakukimbiza Mustang kabisa, walikimbiza Torino Talladega. Bodi imehesabiwa kwake na injini kwake!

Na ile Plymouth Superbird ya 1970 yenye pua ndefu na wing ndefu kama meza. Kabla yake Dodge walitengeneza Charger Daytona 503 mana sheria ilikuwa 500. NASCAR wakapandisha, gari moja kwa kila madila wawili, Plymouth ikabidi watengeneze karibu 2,000. Sasa nani anataka kwenda dukani na gari lenye pua ya mamba? Zikakaa kwenye yadi zikadoda, kuna madila waling'oa pua na wing wakazirudisha kuwa Road Runner za kawaida ili ziuzike. 1971 NASCAR wakazibana kwa ujazo wa injini, habari yao ikaisha.

Ila kwa mada ya vifaa hasa, wa kwanza kwangu ni Chevrolet. GM walijitoa rasmi kwenye mbio 1963, amri kutoka juu. Sasa zikaja mbio nyingine za huku, Trans-Am, mwisho wa injini ni lita 5. Chevrolet 1967 wakatoa Camaro Z/28 yenye injini ya inchi za ujazo 302, kikomo kikiwa 305, hesabu imekaa pale pale. Mwaka wa kwanza ziliuzwa 602 tu. Na ukiagiza, unaweza kupata hedas za eksosi ziko ndani ya BUTI kwenye boksi, unafunga mwenyewe. Baadae ikaja manifoldi ya kabureta mbili zilizopishana, hiyo hata kwenye gari haimo, unaenda kwenye kaunta ya spea kwa dila na namba ya kifaa unachukua kama unanunua plagi. Kampuni haishiriki mbio jamani, inauza spea tu 😏

Gia ya Tano

Mbeba Boksi hiyo ya kaunta ndo nilitaka mtu aifikie. Mana kuna tofauti kubwa hapo ambayo watu wanachanganya. Kifaa kilichofungwa kwenye gari la kuuza ni kimoja, na kifaa chenye namba ya kiwanda kilichouzwa kaunta ni kingine. Mbio nyingine zinakubali cha kaunta mradi kiko kwenye karatasi, nyingine zinakataa hata kama nembo ya kiwanda imechongwa juu yake. Mtu anaona boksi limeandikwa STI au Ralliart au TRD (vitengo vya mashindano vya Subaru, Mitsubishi na Toyota) anasema hiki ni orijino kwahiyo ni halali. Orijino na halali ni vitu viwili.

Na hata ukiwa na vifaa vyote halali unaweza kuanguka kwa kitu kidogo. Zile RS500 nilizozisifia, Bathurst 1987, timu ya Eggenberger kutoka Uswisi walimaliza wa kwanza na wa pili. Injekta 8 safi, turbo safi, karatasi safi. Wakaja kuondolewa baadae kwasababu ya matao ya madigadi ya mbele, yalikuwa yametanuliwa tairi zipate nafasi zaidi. Ushindi akapewa Peter Brock na wenzake kwenye Holden Commodore waliokuwa wa tatu. Yaani Ford imejenga gari 500 na injekta zake, na mbio ikapotea kwenye bati.

Kibao Kata

Wanaocheza rafu mbona hamuwataji? Kuna ile hadithi ya vijiweni ya Lancia 037, gari la rally la Group B, eti mkaguzi alikuja kuhesabu magari 200, akahesabu nusu kwenye yadi moja, akapelekwa chakula cha mchana kirefu, akaja kuhesabu nusu nyingine yadi ya pili, kumbe ni zile zile zimeendeshwa wakati anakula tambi. Siwezi kuapa kama ni kweli ila kila mtu wa rally anaisimulia.

Ya kweli kabisa ni Toyota 1995, rally ya Catalunya kule Hispania. Turbo zilitakiwa zipumue kupitia kizuizi cha milimita 34. Toyota wakatengeneza kifaa ambacho ukikikaza kwenye turbo kinasogea kinaacha upenyo wa karibu milimita 5 hewa inapita pembeni ya kizuizi, ukikifungua ili ukikague kinarudi mahali pake chenyewe! Mkaguzi akishika mkononi anaona kizuizi halali. Mosley aliyekuwa rais wa FIA mwenyewe alikisifia kwa ufundi wakati anawaadhibu. Pointi zikafutwa, wakafungiwa miezi 12. Na gari lenyewe ndo hiyo hiyo ST205 ya bomba la fundi Keko.

Dada wa Turbo

Hahaha huyo aliyetengeneza kile kifaa alistahili tuzo na jela kwa pamoja.

Mzee wa Grande

Sasa leo hii hali ikoje? GR Yaris inahesabiwa kwenye haya magari au ni mbwembwe za Toyota?

Gia ya Tano

Mzee GR Yaris ilianza kama ya karatasi kweli. Ilionyeshwa Januari 2020, milango mitatu wakati Yaris nyingine zote zina mitano, injini ya silinda tatu lita 1.6 turbo, 4WD, na paa limeshushwa kwa nyuma ili wing ya WRC ipate upepo. Ilitakiwa ndo iwe msingi wa gari la WRC la 2021. Ikaja corona, mpango wa gari hilo ukafutwa, na 2022 sheria ikahamia Rally1 ambayo ni fremu ya mabomba na bodi imevalishwa juu, haihitaji tena paa lako la dukani. Kwahiyo Toyota wakabaki na gari la karatasi lisilo na karatasi, na wakaamua kuendelea kuliuza. Baadae ikapata kazi, GR Yaris Rally2 (Rally2 ni daraja la chini ya Rally1) iliyoanza kukimbia 2024 imetokana nayo.

Rally2 yenyewe hesabu yake iko kwingine. Nenda dila wa Skoda umwambie unataka Fabia ya 4WD turbo kama ya rally, atakuuliza umekunywa nini. Hilo gari linajengwa na kitengo cha mashindano, unauziwa tayari la rally, na sheria inabana bei ya gari na vipuri. Zamani walihesabu magari ya barabarani, siku hizi wanaangalia wewe mteja wa rally utauziwa kwa kiasi gani.

Dada wa Turbo

Ambayo ni afadhali kwa timu binafsi, niseme ukweli. Unajua bei kabla hujaingia. Ila kwa sisi tusiokimbia hakuna kinachotufikia tena. Mtoto wa leo hatakuja kukuta injekta nne za ziada kwenye gari la mtu mtaani.

Nakuru Vumbi

Na huku kwetu gari ikizidi miaka 8 haiingii, kwa hivyo Evo na Type RA zilizoko ndizo hizo hizo, zinauzwa kutoka mkono hadi mkono na bei inapanda tu. Ukipata yenye vitu vyake vyote usiulize mara mbili.

Kijana Impreza

Wakuu shikamooni. Mimi nina GC8, Impreza ya kizazi cha kwanza, nimebadilisha turbo nimeweka ya STI ya toleo la mbele, yaani la baadae, na intakula yake, yote ni ya Subaru orijino. Nataka kuingia mashindano ya klabu hapa kwetu daraja la magari ya kawaida. Nitaruhusiwa?

Fundi Keko

Marahaba. Turbo ya toleo la mbele kwenye chesisi ya toleo la nyuma, kwenye daraja la kawaida usitegemee. Nembo ni ile ile ila sio kifaa cha gari lako. Chukua namba ya chesisi yako, omba kanuni za klabu za mwaka huu kwa maandishi, sio za kuambiwa na mshkaji, alafu mfuate mkaguzi wao kabla ya siku ya mashindano umuonyeshe gari boneti ikiwa wazi. Wengi ni watu wazuri wanakwambia mapema. Akikataa una njia mbili, urudishe turbo yako ya mwanzo au uingie daraja la magari yaliyobadilishwa. Ile ya zamani bado unayo?

Kijana Impreza

Niliiuza.

Fundi Keko

Basi daraja la waliobadilisha. Njoo Jumamosi tuangalie mikanda na roli keji kwanza, hayo nayo yana karatasi zake na yana tarehe ya kuisha.